Dakika Tano Uani: Jua, Mafuta ya Jua na Soriasisi Yangu

Mimi nalima mwani Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, na kazi yetu haina kivuli. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukipevuka, maji hutoka mbali asubuhi, na ikifika saa nne au saa tano pwani yote iko wazi. Hapo ndipo wanawake tunakuwa shambani, tumeinama tunafunga mbegu za mwani kwenye kamba, mgongo juu, uso chini, na vidimbwi vinaturudishia jua machoni. Ungeambiwa uchague saa mbaya za kukaa juani usingepata mbaya kuliko hizo.

Na mimi nina soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba. Ni mwaka wa kumi na moja sasa. Iko viwikoni, magotini, kiunoni kwa nyuma, na mstari mmoja ukingoni mwa nywele ambao mtandio unaufunika. Kwa miezi minne niliitibu kama choa, maana jirani wote walisema choa, nikapaka dawa ya fangasi mpaka ngozi ikachubuka. Daktari wa ngozi mjini alinitazama kwanza kucha, akaona vishimo vidogo kama vya sindano, ndipo akasema jina lake. Picha za kwenye simu zinaonyesha mabaka ya rangi ya waridi. Kwenye ngozi nyeusi si hivyo. Langu ni la hudhurungi inayokaribia zambarau, na magamba meupe juu yake. Haiambukizi, nalisema mapema kwa sababu kuna watu waliacha kula chakula nilichopika.

Alinieleza kwa lugha ya jikoni. Ngozi ya kawaida huzaliwa chini, hupanda, hupukutika juu, safari ya karibu mwezi mzima. Penye baka, safari hiyo huenda kwa siku chache tu, ndiyo maana magamba yanarundikana kama ukoko. Ndani ya mwanga wa jua mna mionzi inayoitwa UVB, na hiyo huipunguza kasi hiyo na kuituliza kinga ya mwili iliyochachamaa. Hospitali zenye taa maalumu humulika mionzi ya aina hiyohiyo, ya nanomita 311 hivi, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, kwa kipimo kinachopandishwa polepole. Wako watu wanaosafiri kutoka Ulaya hadi Bahari ya Chumvi, mahali palipo zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari, kukaa wiki kadhaa kwa ajili ya jua tu. Hata huko wanapewa ratiba ya dakika. Hakuna anayeambiwa alale juani mpaka achoke.

Mimi nililala mpaka nikachoka. Ulikuwa msimu wa kaskazi, mwaka wa kwanza wa ugonjwa. Nilikuwa napaka usiku mafuta ya lami niliyopewa ya mabaka, yale meusi yanayonuka barabara mpya, na ndugu mmoja aliyekuja kututembelea akanishauri: kaa juani mpaka yakauke, dawa ya Mungu haina gharama. Nikatandika mkeka uani saa nne asubuhi, nikatoka adhana ya adhuhuri inaita. Magharibi sikuweza kuuvumilia uzito wa kanga begani. Usiku malengelenge. Sikujua kwamba lami huifanya ngozi iungue upesi, na athari yake hukaa siku nzima au zaidi hata kama umeshaoga.

Kilichoniuma zaidi kilikuja siku kama kumi baadaye. Mabegani, ambako sikuwahi kuwa na hata doa, pakatoka mabaka mapya, yamefuata ramani ya kule nilikoungua. Jambo hili lina jina, limepewa la Heinrich Köbner, daktari Mjerumani aliyelieleza miaka ya 1870: ngozi ya mwenye soriasisi ikijeruhiwa, iwe kwa kukwaruzwa, kukatwa au kuungua, huota soriasisi palepale. Basi jua lilelile linalopunguza baka linaweza kuzaa baka. Yote niliyojifunza tangu siku ile ni namna ya kupata la kwanza bila la pili.

Kabla hujatoka, pekua dawa zako

Kabla ya dakika moja ya jua, toa pakiti zote ulizo nazo nyumbani, za kupaka na za kumeza, mpelekee daktari au mfamasia umuulize moja moja: hii na jua vipi? Lami nimeshaisema. Methotreksati, ambayo wengi wetu hupewa soriasisi ikisambaa, inataka tahadhari na jua. Doksisaiklini, kidonge kinachotolewa kwa maradhi mengi, huwafanya watu waungue. Vivyo hivyo dawa ya presha yenye haidroklorothiazaidi, kile kidonge cha kukukojoza. Usiache dawa kwa kichwa chako. Uliza tu, kisha upange jua lako kwa kufuata jibu. Na kama unamulikwa taa hospitali, usijiongezee jua nyumbani bila kumwambia anayekumulika, kwa sababu kipimo anachokupa amekipiga hesabu bila hilo.

Za kupaka zina mpangilio wake. Mafuta yenye asidi ya salisiliki, ya kulainisha magamba, huzuia mionzi isipite, kwa hiyo yaoshe kwanza. Kalsipotrioli, dawa ya kupaka mabaka, huharibiwa na jua, ipake baada ya jua au jioni. Vaselini nene nayo ni kama pazia. Mimi asubuhi naoga, nalainisha magamba kwa maji ya vuguvugu bila kuyakwangua, najipangusa kwa kugusagusa, natoka na ngozi tupu.

Ndimu usipake. Najua bibi zetu walisugua ndimu kwenye kila kitu. Maji ya ndimu juu ya ngozi, kisha jua, huunguza kama moto na kuacha alama nyeusi za miezi.

Saa ya kutoka

Maelekezo mengi ya nchi za baridi husema jua la adhuhuri, dakika tano hadi kumi. Kwao sawa. Sisi tuko nyuzi sita tu kusini mwa ikweta; mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe kumi ya Oktoba jua la mchana linapita juu ya utosi kabisa, kivuli chako unakikanyaga. Kipimo cha mionzi kinachoonyeshwa kwenye programu za hali ya hewa za simu huvuka 11 miezi mingi ya mwaka, na kuanzia 3 tayari unatakiwa kujikinga.

Simu si lazima. Tazama kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, jua bado lina adabu. Kikiwa kifupi kuliko wewe, ingia ndani. Kwetu kinalingana na mtu saa tatu na dakika ishirini hivi, kinazidi na kupungua kidogo kwa msimu. Mimi hutoka saa mbili na nusu. Kutoka saa kumi na mbili na nusu, jua likichomoza tu, ni kuota joto. Mionzi inayotibu bado ni kidogo mno, ingawa ni vizuri kwa moyo.

Upepo usikudanganye. Msimu wa kusi, Juni na Julai, kuna baridi ya kupendeza na mtu hahisi kuungua, lakini jua la mchana bado ni kali. Mawingu ya masika nayo hayazuii yote.

Mahali

Hili ndilo swali ambalo hakuna daktari aliyeniuliza. Mimi navaa baibui. Mabaka yangu yako mahali ambapo hakuna mtu wa nje anayepaona. Nitayaonyesha jua wapi?

Uani. Nyumba yetu ina ua wa makuti, nimeongeza kanga mbili kwenye kamba ya nguo upande wa njia, zikining'inia kama zinaanikwa. Navaa kanga ya kifuani, nakaa kwenye kibao cha mbuzi (mgongo hauna pa kuegemea, ndiyo maana sikawii), viwiko nje, magoti nje. Kisha nageuka mgongo. Asiye na ua atafute paa, kibaraza cha nyuma, dirisha lililofunguliwa. Nasisitiza lililofunguliwa: kioo huzuia UVB na kupitisha sehemu kubwa ya UVA, mionzi mingine inayochakaza ngozi, kwa hiyo anayeota jua nyuma ya kioo, au kwenye kiti cha dirishani cha daladala, anapata hasara bila faida.

Dakika

Nilianza na tano. Naweka simu inilie. Kila siku ninayoota naongeza nusu dakika, na sijavuka kumi na tano. Nikikosa wiki, sirudi pale nilipoachia. Napunguza dakika tatu au nne, maana ngozi husahau.

Wenzetu weupe huambiwa wasimame wakiona wekundu. Sisi wekundu hatuuoni vizuri. Ngozi nyeusi inastahimili zaidi, ndiyo, lakini inaungua, na ikiungua hukuficha. Kwa hiyo nachunguza kwa mkono. Jioni, na tena kesho yake asubuhi, naweka mgongo wa kiganja juu ya baka na pembeni yake. Kama pana joto kuliko sehemu nyingine, pamekaza, panawasha kwa namna mpya au panauma kanga ikigusa, siku hiyo sitoki, na sitoki mpaka patulie, kisha naanza na dakika chache. Kuungua huchelewa kujitokeza, mara nyingi mpaka kesho yake, kwa hiyo kusema "mbona sijahisi kitu" ukiwa bado uani hakukusaidii.

Naandika kwenye daftari lilelile la kilo za mwani: tarehe, dakika, hali ya kiwiko. Daftari ndilo lililonionyesha kwamba magoti yanasikia haraka na viwiko ni wakaidi.

Mafuta ya jua

Aliyenifundisha kupaka si daktari. Ni jirani yangu, mama wa kijana mwenye ualbino. Kwa mwanawe jua ni adui moja kwa moja, na kwa miaka kumi na tano amekuwa akimpaka kabla ya skuli. Aliponiona nachovya kidole kimoja na kujipaka uso mzima alicheka. "Shoga yangu, hiyo ni ya pua."

Kipimo chake: mistari miwili ya mafuta, kutoka ncha hadi shina la kidole cha shahada na cha kati, hiyo ni ya uso na shingo. Mwili mzima unataka kama vijiko viwili vya chakula. Masikio, juu na nyuma. Kisogo. Juu ya miguu. Unapaka robo saa kabla ya kutoka, unarudia kila saa mbili, na unarudia tena ukishalowa au ukishajifuta.

Mimi nayatumia kwa namna yangu. Kabla ya dakika za uani napaka ngozi yote nzima inayolizunguka baka, naizungushia kama mtu anayepaka rangi dirisha bila kugusa kioo. Baka lenyewe naliacha tupu. Uso napaka wote, daima, kwa sababu uso wangu hauna soriasisi na hauna haja ya dawa. Simu ikilia napaka na baka pia, au nalifunika, jua lake la siku limekwisha.

Mgongo nampa binti yangu. Anachora duara kwa kidole na kulalamika mafuta yananata.

Kwenye chupa soma namba ya SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua. 30 huzuia kama asilimia 97 ya UVB, 50 kama asilimia 98, kwa hiyo sioni sababu ya kulipa zaidi kwa namba kubwa za kutisha. Soma pia kama yanazuia UVA. Kisha harufu: nunua yasiyo na manukato. Yenye zinki oksaidi au titani daioksaidi kwa kawaida ni mapole kwa ngozi iliyopasuka, ila yanaacha weupe. Mwanzoni niliona haya, nikajikuta nafanana na mtu aliyejipaka liwa. Halafu nikawaza, pwani hii ni nani asiyewahi kuonekana na liwa usoni? Kwanza jaribu tone moja ndani ya mkono kwa siku mbili.

Sasa bei. Chupa ya mililita 100 ni kupaka mwili mzima mara tatu tu. Hakuna mkulima wa mwani anayeweza hivyo kila siku. Kwa hiyo mafuta yangu ni ya uso, shingo, viganja kwa juu, nyayo kwa juu na ule ukingo wa mabaka. Kazi iliyobaki inafanywa na nguo. Kuna mafuta yaitwayo Kilisun, yaliyoanzia Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC kilichofunguliwa 1992, na yalitengenezwa kwa ajili ya watu wenye ualbino. Nimewahi kushauriwa niyatafute kupitia jirani yangu. Sikukubali. Kwangu mafuta ni namna ya kupima dawa, kwa kijana wake ni kinga ya saratani, na chupa yake si ya kugawana.

Mafuta ya nazi ni mazuri kwa magamba, nayatumia kila usiku. Hayazuii jua.

Siku ya bahari

Siku ya bahari si siku ya uani. Ninapokwenda mwani sioti jua hata dakika, kwa sababu saa tatu za baharini zitanipa zaidi ya ninachohitaji hata nikijifunika. Mchanga mweupe mkavu hurudisha kama asilimia 15 ya mionzi na povu la bahari kama asilimia 25, kwa hiyo jua linakujia hata kutoka chini, linakuingia kidevuni chini ya kofia.

Navaa mikono mirefu ya kitambaa kizito chenye rangi iliyokolea. Fulana nyeupe nyepesi ikilowa hupitisha mionzi zaidi kuliko ikiwa kavu. Ukiona ngozi yako kupitia nguo, jua nalo linaiona. Juu ya mtandio naweka kofia ya ukili yenye ukingo mpana. Suruali ndani ya gauni, viatu vya plastiki. Nikitoka, jambo la kwanza ni maji baridi ya kisima, maana chumvi ikikaukia kwenye nyufa huuma na kuwasha, na kuwashwa ni kujikuna, na kujikuna ni Köbner tena. Najipangusa, napaka mafuta mwili ukiwa bado na unyevu.

Alama zinazobaki

Baka likipona huacha doa, jeusi au jeupe, na doa jeusi likipigwa jua hukolea na kukaa miezi mingi. Hapa wanawake wengi hukosea, nami niliponea chupuchupu: wanakimbilia mkorogo. Mikorogo mingi ina steroidi kali, dawa za kutuliza ngozi ambazo hakuna aliyekupimia. Baka litalainika wiki mbili, utafurahi, na siku utakayoacha ghafla soriasisi inaweza kurudi kwa hasira, hata kwa vipele vyenye usaha mwili mzima. Doa likishakuwa doa tu, bila magamba, mimi nalihesabu kama ngozi nzima: linapakwa mafuta ya jua au linafunikwa. Singo la harusi nalo nilikataa, mbele ya mawifi, kwa kule kusugua na manukato yake. Walinuna.

Lini uache kabisa

Wako wachache ambao soriasisi yao inachukia jua, inazidi kila wanapoota. Kama wiki mbili za dakika chache zimekuongezea mabaka, wewe ni miongoni mwao, kaa kivulini umwambie daktari. Ukiona homa, usaha, au ngozi ya mwili karibu wote imewaka na kubanduka, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo. Vidole au magoti yakikakamaa asubuhi na kuvimba, sema, kwa sababu ugonjwa huu huingia viungoni na jua halifiki huko. Kidonda kisichopona au alama inayobadilika umbo, nyayo na viganja vikiwemo, kionyeshe.

Mwani wetu huvunwa baada ya siku kama 45, na mimi nilijipa muda huohuo nilipoanza hesabu hii. Mavuno ya kwanza magamba ya magotini yalikuwa yamekuwa membamba. Ya pili, goti la kulia lilikuwa laini, na doa tu. Kiuno nusu. Kiwiko cha kushoto mpaka leo kipo, kigumu kama gamba la kobe, na daktari amenibadilishia dawa ya kupaka kwa ajili yake peke yake.

Alhamisi hii bamvua linaanza. Nimebakiwa na asubuhi mbili za uani, dakika kumi na mbili na dakika kumi na mbili na nusu, na chupa ya mafuta imefika robo. Nitaikata kwa kisu. Ndani huwa mna siku tatu zaidi.